Basenji: Mbwa wa msituni aliyeponywa ugonjwa mmoja akaangukia mwingine

Na Mwandishi Wetu

MBWA wa kuwinda kutoka misitu ya Kongo, anayejulikana duniani kwa jina la basenji, ana mambo matatu yanayomtenga na mbwa wengine. Habweki, bali hutoa sauti inayopanda na kushuka mithili ya mtu anayeimba bila maneno. Jike wake kwa kawaida huingia joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali majike wa aina nyingine nyingi huingia mara mbili. Na hujilamba mwili mzima kama paka.

Lipo jambo la nne, ambalo halisemwi sana. Historia ya basenji huko Ulaya na Marekani ni mmoja wa mifano iliyo wazi inayoonyesha kwamba kupima afya ya mbwa wa kuzalisha ni jambo moja, na kujua la kufanya baada ya kupata majibu ni jambo jingine kabisa. Wafugaji wake walipima kwa bidii, wakaushinda ugonjwa uliokuwa ukiwaua mbwa wao wakiwa wadogo. Kisha wakajikuta uso kwa uso na ugonjwa wa pili, ambao kwa miaka 30 hivi haukuwa na kipimo.

Jina lenyewe huenda lisimpendeze msomaji wa Kiswahili. Basenji ni ndugu wa neno letu washenzi, yaani watu wa bara na wa porini, kwa dharau ya wale waliojiona wastaarabu. Aliyeitwa hivyo alikuwa mbwa wa watu wa vijijini na msituni, na neno la dharau likaishia kuwa jina rasmi katika madaftari ya nasaba ya London na New York.

Katika msitu wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika nchi ya Wazande inayopakana na Sudan Kusini, mbwa huyu si pambo. Huvishwa shingoni kengele ndogo ya mti, kwa kuwa habweki na mwindaji angempoteza mara moja katika majani mazito. Kazi yake ni kunusa, kuwatimua wanyama wadogo kama funo na kuwaelekeza kwenye nyavu au kwa watu wenye mikuki na mishale. Mbwa asiye na pumzi hafai kazi hiyo, na mbwa mgonjwa hadumu.

Huko hakuna cheti wala daftari la nasaba. Msitu wenyewe ndio unaochagua, na huchagua kwa ukatili. Si haki kuufanya uonekane kama daktari mwema, kwani watoto wengi wa mbwa hufa kabla ya kukua, kwa minyoo, kwa njaa na kwa maradhi ambayo chanjo moja ingeyazuia. Lakini katika vijiji vingi vilivyotawanyika, dume hapandi binti zake na wajukuu zake kizazi baada ya kizazi kwa sababu tu ana mkia uliojikunja vizuri. Hilo ndilo lililobadilika alipovuka bahari.

Safari ya Ulaya

Basenji wa kwanza kuonekana Uingereza walipelekwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1895. Hawakudumu, kwani waliuawa na distempa, ugonjwa wa virusi ambao miili yao haikuwa na kinga dhidi yake. Ilibidi kusubiri zaidi ya miaka 40 hadi Bibi Olivia Burn alipofanikiwa kuwaleta wengine na kuwaonyesha Crufts mwaka 1937, ambako watu walijazana kumtazama mbwa asiyebweka.

Marekani nako mwanzo ulikuwa mgumu. Basenji waliofika mwaka huo huo wa 1937 wengi walikufa kwa distempa. Mwaka 1941 jike mmoja alikutwa amejificha katika meli ya shehena ya kahawa iliyotoka Afrika Magharibi kwenda Boston, akiwa amekonda lakini yu hai, naye akawa miongoni mwa mama wa kizazi cha Marekani. Mwaka 1959 Bibi Veronica Tudor-Williams, mfugaji wa Uingereza, alisafiri hadi kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya, akarudi na jike aliyemwita Fula. Leo ni vigumu kumpata basenji wa Ulaya au Marekani ambaye nasaba yake haimgusi Fula.

Msomaji atakuwa ameshaona tatizo. Maelfu ya mbwa walizaliwa kutokana na wazazi wachache wanaohesabika. Katika hali kama hiyo, kasoro iliyokuwa imejificha kwa mzazi mmoja haiwezi kukaa mafichoni muda mrefu, kwa sababu wajukuu na vitukuu vyake watakutana tu.

Damu inayokufa mapema

Kasoro ya kwanza kujitokeza ilikuwa ya damu. Katika miaka ya 1960 wafugaji waliona watoto wa basenji wenye ufizi mweupe, wanaochoka upesi, na wanaokufa kabla ya kufikisha umri wa miaka minne au mitano. Uchunguzi ulionyesha kuwa chembe nyekundu za damu yao zilikosa kimeng'enya cha piruvati kinasi. Chembe nyekundu hutegemea kimeng'enya hicho ili kupata nguvu kutokana na sukari. Zikikikosa hufa mapema, na uboho wa mifupa hulazimika kutengeneza nyingine kwa kasi isiyo ya kawaida hadi wenyewe unachoka na kuwa mgumu.

Namna kasoro hii inavyorithiwa inafahamika vyema kwa wasomaji wetu, kwani ni ile ile ya ugonjwa wa selimundu kwa binadamu. Mtoto hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Akipokea nakala moja mbovu na moja nzima, anaishi bila ugonjwa, lakini ni mbebaji. Akipokea mbovu mbili, anaugua. Wabebaji wawili wakizaa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Mbebaji akizaa na asiyebeba, hakuna mtoto hata mmoja atakayeugua, ingawa kwa wastani nusu yao watakuwa wabebaji.

Mapema miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha damu kilichoweza kumtambua mbebaji, kwa kuwa kiasi cha kimeng'enya katika chembe zake ni karibu nusu ya kile cha mbwa wa kawaida. Wafugaji walikipokea kwa moyo wote. Mbwa walipimwa kwa wingi, na waliokutwa wabebaji waliondolewa katika uzazi. Katika muda wa miaka michache ugonjwa ukawa adimu. Wanasayansi walipotangaza mwaka 1994 kwamba wameipata kasoro yenyewe ndani ya jeni, wagonjwa walikuwa wameshapungua mno.

Kwa kipimo chochote kile hayo yalikuwa mafanikio, na wafugaji wale wanastahili heshima. Watu wa maonyesho ya mbwa hawapendi kumwacha bingwa asizae, nao walikubali kufanya hivyo. Lakini tazama kilichofanyika. Mbebaji hana ugonjwa. Angeweza kupandishwa kwa asiyebeba, watoto wakapimwa, na waliotoka safi wakaendeleza ukoo wake. Badala yake alifungiwa nje pamoja na kila kitu chema alichokuwa nacho katika damu: mapafu yake, figo zake, akili yake ya mawindo. Kundi lililokuwa dogo likapunguzwa tena, na madume wachache waliotoka safi wakatumiwa kila mahali. Safi kwa ugonjwa ule mmoja, bila shaka.

Figo zinazovuja

Mwaka 1976 jarida la madaktari wa mifugo la Marekani lilichapisha taarifa ya basenji watatu waliokuwa na sukari katika mkojo ingawa hawakuwa na kisukari. Ulikuwa ugonjwa wa Fanconi, uliopewa jina la Guido Fanconi, daktari wa watoto wa Uswisi.

Figo iliyo nzima huchuja damu, kisha huvirudisha mwilini vitu vya maana: sukari, viini vya protini, madini, na chumvi zinazozuia damu kuwa na asidi. Figo yenye ugonjwa wa Fanconi huchuja lakini hairudishi. Kila kitu kinakwenda na mkojo. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa ovyo, misuli yake huyeyuka, damu yake hugeuka kuwa na asidi, na asipotibiwa hufa. Daktari asiyeufahamu ugonjwa huu anaweza kuona sukari kwenye mkojo akadhani ni kisukari na kumchoma sindano ya insulini. Kwa kuwa sukari ya damu ya mbwa huyo haikuzidi kamwe, sindano hiyo inaweza kumuua.

Kilichowaumiza wafugaji zaidi ni umri. Dalili huanza mara nyingi mbwa akiwa na miaka minne hadi minane. Kufikia hapo jike ameshazaa mara mbili tatu, na dume anayesifika huenda ameshazaa makumi ya watoto katika nchi kadhaa. Hapakuwa na namna ya kujua mapema. Mfugaji mwangalifu alinunua vijiti vile vile vinavyotumiwa na wagonjwa wa kisukari kupima mkojo, akampima mbwa wake kila mwezi, akasubiri. Kijiti kilipobadilika rangi, habari ilikuwa imechelewa kwa miaka. Makadirio yaliyotolewa kwa Marekani yalikuwa kwamba angalau basenji mmoja katika kila 10 angeupata.

Wengi wanaoifahamu historia ya mbwa huyu wanayaunganisha matukio haya mawili, nami naona hoja yao ina nguvu. Kampeni dhidi ya ugonjwa wa damu haikuuumba ugonjwa wa figo. Kasoro hiyo ilikuwapo. Ila kundi lilipofinywa, kilichokuwa nadra kikapata njia ya kusambaa.

Kurudi Kongo

Mwaka 1987 na tena 1988, wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakaingia vijijini na kurudi na watoto wa mbwa wa kuwinda. Lengo lilikuwa kuongeza damu ambayo haijapita kwenye tundu lile jembamba la mwaka 1937. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, kilifungua daftari la nasaba la basenji na kuwaingiza mbwa wapya wasiozidi 15. Kwa taasisi ambayo msingi wake ni kwamba daftari likishafungwa limefungwa, haikuwa hatua ndogo. Mbwa hao walileta pia rangi ya michirizi kama ya simbamarara, ambayo haikuwapo miongoni mwa basenji wa Marekani. Daftari lilifunguliwa tena mwaka 2009 kwa kipindi cha miaka kadhaa.

Hatua hiyo haikumfurahisha kila mtu. Wapo waliolalamika kwamba mbwa wa kijijini hana karatasi, babu yake hajulikani, na huenda analeta magonjwa mapya. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Ila wanaoitoa husahau kwamba babu wa mbwa wao mwenye karatasi naye alitoka kijiji hicho hicho, bila karatasi.

Kipimo cha figo kilifika mwaka 2007. Dk. Gary Johnson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri walitoa kipimo cha vinasaba kilichotazama alama zilizo jirani na jeni yenye kasoro. Kwa kuwa kilitazama jirani na si mwenyewe, majibu yake yalitolewa kwa tahadhari: yaelekea ni safi, yaelekea ni mbebaji, yaelekea ataugua, na kundi la nne la wasiojulikana. Mwaka 2011 kasoro yenyewe ilipatikana katika jeni iitwayo FAN1, na tangu hapo jibu ni la moja kwa moja. Kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu la mbwa, kinatumwa maabara kwa posta, na mtoto wa wiki chache anaweza kujulikana hali yake kabla hajauzwa.

Safari hii somo lilikuwa limewaingia. Ushauri uliotolewa kwa wafugaji haukuwa kuwatupa wabebaji. Ulikuwa kwamba mbebaji apandishwe kwa mbwa aliye safi tu, watoto wote wapimwe, na mnunuzi aelezwe matokeo kwa maandishi. Hata mbwa ambaye majibu yake yanaonyesha ataugua, akiwa na sifa adimu za ukoo wake, anaweza kuzalishwa na aliye safi. Watoto wote watakuwa wabebaji, na hakuna atakayeugua. Kasoro hupunguzwa polepole kwa vizazi kadhaa huku koo zikibaki nyingi. Ni njia isiyo na kishindo, na inahitaji uvumilivu ambao mtu mwenye haraka ya kombe hana.

Kwa wale wanaougua tayari, hali nayo si ya kukata tamaa kama zamani. Kuna utaratibu wa matibabu wa kumpa mbwa chumvi za kupunguza asidi, madini na vitamini kila siku, na utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa wengi waliotibiwa waliishi miaka kadhaa zaidi baada ya kugundulika.

Nyonga, macho na mnunuzi wa mjini

Vinasaba si kila kitu. Mbwa wa mawindo hukimbia, na anayekimbia anahitaji nyonga imara. Mwaka 1966 tajiri wa Marekani John M. Olin, mpenzi mkubwa wa mawindo na mfugaji wa mbwa aina ya Labrador, alikuwa mbele katika kuanzishwa kwa Orthopedic Foundation for Animals, taasisi inayopokea picha za eksirei za nyonga za mbwa na kutoa daraja. Cheti chake cha kudumu hakitolewi kwa mbwa aliye chini ya umri wa miezi 24, kwa kuwa kabla ya hapo maungio yanaweza kuonekana mazima na baadaye yakalegea. Kulegea kwa nyonga hakutokani na jeni moja kama magonjwa niliyoyaeleza, bali nyingi, pamoja na lishe na uzito. Wazazi wazuri hupunguza hatari tu. Hawaiondoi.

Macho nayo hupimwa. Basenji ana ugonjwa wa utando wa nyuma ya jicho unaoanza ukubwani, kwanza kwa kutoona vizuri usiku. Aina yake mojawapo ilipata kipimo cha vinasaba mwaka 2013, ingawa si kila basenji anayepofuka anayo kasoro hiyo.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam au Nairobi haya yanaweza kuonekana mambo ya mbali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na mtu wa mjini anayenunua mbwa anataka mlinzi wa geti. Lakini mbwa wa ulinzi aina ya German Shepherd ni maarufu kwa kulegea kwa nyonga, na maswali ya kumuuliza muuzaji hayatofautiani. Mama na baba wa mtoto huyu wana uhusiano gani wa damu? Wana umri gani, na wazazi wao walikufa kwa nini? Nyonga zao zimepigwa picha? Dume huyu ameshapandishwa mara ngapi? Muuzaji anayejibu kwamba wazazi ni "wazima kabisa" amejibu swali ambalo halikuulizwa, kwani mbebaji pia ni mzima kabisa, na jike mwenye Fanconi alikuwa mzima hadi alipotimiza miaka mitano.

Kwa wenye basenji, kazi haijaisha. Upo ugonjwa mwingine wa utumbo unaowapata, wenye kuharisha kusikokoma na kukonda hadi mifupa kuonekana. Unajitokeza katika baadhi ya koo kuliko nyingine, jambo linaloashiria urithi, lakini hadi sasa hauna kipimo cha vinasaba. Mfugaji anayeuona kwa mbwa wake ana njia moja tu ya kuwasaidia wenzake: kufungua daftari lake, kuwapigia simu wote walionunua ndugu zake wa tumbo moja, na kuwaeleza.